Jedwali Langu la Damu ya Farasi

Siku ile mliponiaga, baada ya keki na kabla ya hotuba, mmoja wenu aliniuliza ni kosa gani kubwa nililowahi kufanya kazini. Nikamwambia swali hilo halijibiwi mtu akiwa ameshika sahani. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani kwangu Shella, na nimeshapanga upya makabati ya jikoni mara mbili, mpaka mume wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama siwezi kutafuta shughuli. Basi shughuli ndiyo hii. Nitalijibu swali, ila nitaanza mwanzo, kwa sababu kosa lenyewe halieleweki bila ya kujua nilivyofundishwa kazi.

Nilipoingia maabara ya mifugo pale Malindi ilikuwa vyumba viwili na baraza. Mkuu wake alikuwa Bwana Ramji, Mhindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, mwenye Kiswahili kilichonishinda mimi mwenyewe. Nilikuwa na cheti kipya na haraka ya kushika hadubini. Bwana Ramji akanipa beseni, sabuni, na marundo ya vile vioo vidogo tunavyopakia damu, akasema nivioshe. Nikaosha siku nne. Siku ya tano akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Bi Rukia, hiki umekiosha au umekibembeleza?" Nikarudi kwenye beseni.

Alikuwa na jambo moja alilolishikilia kuliko usafi. Mtu akija na kichupa cha damu ya ng'ombe, Bwana Ramji hakigusi kwanza. Anamketisha yule mtu na kumhoji. Ng'ombe ana umri gani, amekunywa maji lini, ametembea kutoka wapi, alikuwa akifanya nini kabla ya kuchomwa sindano. Watu walimwona mmbea. Wengine walinyanyuka wakaondoka na damu yao. "Damu si maji ya mfereji," aliniambia. "Ina ilikotoka. Mashine itakupa nambari, lakini haitakwambia nambari hiyo ni ya nini." Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu, na ndivyo yalivyobaki, kwenye jalada.

Vyombo vyetu nyinyi mngevicheka. Umeme ukikatika, na ulikatika kila upepo ulipobadilika, tulikuwa na mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, mtu anazungusha mpini huku akihesabu mpaka bega limkate. Damu inaingia kwenye mrija wa kioo mwembamba kama njiti, inazungushwa, chembe nyekundu zinashuka chini na maji ya manjano yanabaki juu. Halafu unaweka rula na kusoma wekundu umejaza sehemu ngapi katika mia. Ng'ombe, mbuzi, punda, farasi, wote nimewasoma hivyo. Barafu ya kuhifadhia sampuli tulinunua kwa wauza samaki, kwa hiyo sanduku langu lilinuka samaki aina ya changu mwaka mzima, na kwenye tuktuk hakukosekana mtu wa kuniuliza kilo bei gani.

Farasi walikuja nikiwa nimeshakomaa. Bwana Anwar, mtu wa ukoo wa zamani wa Malindi, alijenga zizi Watamu, hatua chache kutoka ufukweni, akaleta farasi sita waliostaafu mashindano ya bara. Kazi yao ikawa kutembeza wageni mchangani asubuhi na alasiri. Alitaka damu zao zipimwe kila mwezi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba farasi wa nyanda za baridi huku pwani hawadumu. Nikapewa kazi hiyo mimi. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa sijawahi kumkaribia farasi, na kwamba usiku wa kuamkia safari ya kwanza sikulala vizuri.

Aliyeniokoa siku hiyo ni saisi wao, mtunza farasi, Mzee Kahindi, mzaliwa wa Kaloleni aliyekwenda bara akiwa kijana na kurudi na ujuzi wa farasi. Alikuwa mrefu, mkimya, na mkono wake mmoja ulikuwa daima uko juu ya mnyama fulani.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, mzee. Napima damu tu."

"Haya, daktari. Simama huku begani, usije nyuma. Mguse kwanza, akujue."

Nilimsahihisha mara tatu kwa siku tofauti, kisha nikachoka. Nilimgusa farasi kama alivyosema, nikaukuta mshipa wa shingo, mnene na mwepesi kuonekana, na nikagundua kwamba kumtoa farasi damu ni rahisi kuliko kumtoa mbuzi, ilimradi aliyemshika anamjua. Mzee Kahindi alikuwa akiwanong'oneza kwa Kigiriama. Sijui aliwaambia nini, lakini walisimama.

Sasa niwaeleze majira, maana nyinyi mtakutana nayo. Wakati wa kaskazi joto linapanda na upepo ni mkavu, na farasi wa bara anaweza kufika mahali akashindwa kutoa jasho. Ngozi inakauka, anahema akiwa amesimama kivulini. Huyo mmwagieni maji na mwiteni daktari, msisubiri maabara. Masika ikija, kwato zinaoza kwa unyevu, na usubi wanatoka na maradhi yao. Baada ya mvua, ya masika au ya vuli, majani yanajaa kupe, na kupe ndio adui wa kweli, kwa sababu homa wanayoileta inakula chembe nyekundu polepole na farasi anaendelea kufanya kazi huku anaisha ndani kwa ndani. Haya yote niliyajua. Niliyajua vizuri mno.

Mwaka baada ya mwaka nikaona jambo kwenye daftari langu. Miezi ya kaskazi wekundu ulipanda kwa farasi wote sita. Miezi ya kusi, yenye ubaridi, ukashuka. Tena kaskazi, juu, tena kusi, chini. Maelezo nilikuwa nayo tayari: joto linawakausha, maji ya mwili yanapungua, damu inakuwa nzito. Hata ushahidi nilikuwa nao. Asubuhi za kaskazi nilipowapapasa niliukuta mkononi unga wa chumvi kwenye manyoya yao, na nikaandika, kwa mwandiko mzuri, "jasho lililokauka". Nikachora jedwali kubwa, miezi juu na farasi pembeni, kwa wino wa rangi mbili. Nawaambia ukweli, nililipenda jedwali lile. Nilikuwa nimeona kitu ambacho vitabu vya farasi wa nchi za baridi havikukisema, na nilikiona mimi, mwanamke wa Shella mwenye sanduku linalonuka samaki. Nikaalikwa nilisomee madaktari wa mifugo mkutanoni Mombasa.

Kabla ya hapo nilimpelekea Bwana Ramji, aliyekuwa amestaafu na kukaa nyumbani kwake karibu na soko la zamani. Alilitazama muda mrefu akiwa amevua miwani.

"Huwatoa damu saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi, kila mara. Nimeandika."

"Na kabla ya saa mbili?"

"Kabla ya saa mbili mimi nipo njiani, Bwana Ramji."

Akanirudishia karatasi. "Jedwali zuri mno hili, Bi Rukia," akasema, na mimi nikamshukuru na kurudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mwaka huo vuli ilinyesha kwa nguvu na kuchelewa kumalizika. Nilipokwenda Watamu mwanzo wa msimu wa wageni, Mzee Kahindi alinisimamisha mbele ya farasi jike mmoja wa kahawia aitwaye Lulu. Huyo ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote, ndiye aliyepandishwa watoto na watu wenye woga.

"Daktari, huyu hayuko sawa."

"Ana nini, mzee?"

"Hana kitu cha kuonyesha. Hayuko sawa tu."

Nikampima. Thelathini na saba. Kwa jedwali langu ilikuwa chini, maana kaskazi Lulu hufika arubaini na kitu, lakini kwa kitabu ilikuwa ndani ya mipaka kabisa. Nikajiambia mvua zimechelewa mwaka huu, na damu yake imechelewa nazo. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kulitetea jedwali. Mwezi uliofuata Mzee Kahindi akasema tena vile vile, nami nikapata thelathini na tatu, nikaandika "mzima" na kutia sahihi.

Wiki moja baadaye Bwana Anwar alinipigia simu. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imepanda. Zizi limejaa wageni, akasema, na Kahindi amekataa kumtandika Lulu. Amekataa mbele za watu. Amelibeba tandiko na kulirudisha ndani.

"Nimemwonyesha karatasi yako, Bi Rukia. Nimemsomea, mzima, na sahihi yako. Ananiambia karatasi haijalala na farasi. Sasa nambie, mimi nifuate nani?"

"Unataka nifanye nini, Bwana Anwar?"

"Uje kesho umpime mbele yangu. Akiwa mzima, Kahindi atafute pa kwenda. Siwezi kuwa na saisi anayechagua farasi gani afanye kazi."

Nilikubali. Sikuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilimhurumia Mzee Kahindi kama unavyomhurumia mtu aliyekosea, nikafikiria maneno ya kumwombea kwa Bwana Anwar, asifukuzwe kwa ajili ya mapenzi yake kwa mnyama. Uwezekano kwamba aliyekosea ni mimi haukunipitia akilini.

Kesho yake jirani yangu alikuwa anakwenda Watamu na gari alfajiri, nikaomba lifti. Nikafika zizini kabla ya saa moja. Bwana Anwar hajafika. Mzee Kahindi alikuwa amevaa kaptura na kukunja mikono ya shati, ameshika kamba, na aliponiona alishtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Daktari! Mbona mapema? Ngoja, ngoja kidogo. Bado sijamwogesha."

"Kumwogesha wapi?"

"Baharini." Akanionyesha kwa kidevu. "Sita wote. Ukiwa unakuja mimi huwaingiza baharini wakaogelea, tena mpaka shingoni, nikiwatoa nawasugua kwa gunia, nawasimamisha juani wakauke. Ukifika saa mbili wako tayari."

"Kila ninapokuja?"

"Kila ukija. Sasa mgeni aje atoke Malindi, nimwonyeshe farasi ana mavi mguuni?" Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama watu hula. "Kusi tu ndiyo siwezi. Kusi bahari imechafuka, nawapangusa kwa ndoo."

Niliyasikia maneno hayo lakini hayakunifikia papo hapo. Nilikuwa na haraka. Nikasema Lulu hana haja ya kuoga leo, nitamtoa damu hivyo hivyo. Mzee Kahindi akaona aibu, akaanza kumfuta farasi mapaja kwa kiganja cha mkono. Lulu alikuwa amesimama kichwa chini, mchanga mgongoni. Nilipomwinua mdomo kutazama fizi, nilichopaswa kufanya tangu mwezi wa kwanza, nikakuta zimepauka.

Nilikuwa na mashine ndogo ya kuzungusha niliyozoea kuibeba. Nikasoma: ishirini. Nikadhani nimekosea, nikazungusha mrija wa pili. Ishirini. Nikapaka damu kioo, na niliporudi maabara na kutazama kwa hadubini niliwakuta wale wadudu wa homa ya kupe wamejaa ndani ya chembe. Lakini hata kabla ya hadubini, nikiwa bado nimepiga magoti pale kwenye sakafu ya zizi, nilikuwa nimeshaanza kufahamu. Farasi ana wengu mkubwa, yaani bandama, nao ni ghala la chembe nyekundu. Akikimbia, akishtuka, akiogelea, wengu unakamuka na ghala lote linamwagika kwenye mishipa. Akitulia, zinarudi. Kila mwanafunzi wa mifugo anasoma hilo. Mimi nililisoma na nikapasi.

Ili kuwa na hakika nilimwomba Mzee Kahindi anisimamishie Sultani, farasi mzima mwenye nguvu zake. Nikamtoa damu akiwa bandani, ametulia. Thelathini na nne. Kisha nikasema, mwingize baharini kama siku zote. Nilisimama kwenye mchanga nikawatazama wakienda, mzee na farasi, maji yakipanda magotini, tumboni, mpaka Sultani akawa anaogelea na Mzee Kahindi ameshika shungi lake anamnong'oneza. Wakarudi, akasuguliwa kwa gunia, nikachoma sindano. Arubaini na tano. Mkono wangu ulijaa unga wa chumvi.

Miaka tisa, ndugu zangu. Miaka tisa nilipima adabu ya Mzee Kahindi nikaiita majira. Joto lilikuwepo, sikatai, na huenda lilifanya lake, lakini sikuwa na njia ya kujua ni lake kiasi gani. Bahari ikitulia farasi waliogelea, wekundu ukapanda. Bahari ikichafuka walipanguswa kwa ndoo, ukashuka. Na Lulu, aliyekuwa akiisha, kila mwezi aliogeleshwa kwa heshima yangu, ghala lake likakamuliwa la mwisho mwisho, na mimi nikaandika "mzima".

Bwana Anwar alipofika nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilisema saisi wake alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, kwamba karatasi zangu zote mbili zilikuwa na makosa, na kwamba Lulu angepandwa na mgeni mmoja zaidi huenda angeanguka naye. Alisoma tena ile karatasi yenye sahihi yangu, akaikunja. "Basi mimi nilitaka kumfukuza mtu kwa hii," akasema. Alikwenda mwenyewe bandani kuongea na Mzee Kahindi, na sikuwafuata. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Kilifi siku hiyo hiyo akamchoma Lulu dawa, na akasema wazi kwamba hana uhakika.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa imebaki. Mzee Kahindi alikuwa amesikia habari ya wengu na kuogelea, na alikuja nikiwa nafunga sanduku.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuficha ugonjwa wake."

"La, mzee. Wewe ulinambia mara mbili kwamba hayuko sawa. Mimi ndiye niliyekujibu kwa nambari."

"Lakini nilimwogesha."

"Uliniogeshea mimi. Ningekuuliza siku moja tu, mzee, unafanya nini kabla sijaja, ungenambia. Miaka tisa sikukuuliza."

Alitikisa kichwa, na nikaona hakubali. Nililia kwenye tuktuk mpaka Gede, dereva akadhani nimefiwa. Mkutanoni Mombasa nilikwenda, nikawasomea madaktari jedwali lote, rangi zote mbili, kisha nikawaeleza nililipataje. Wengine walicheka. Mmoja alitoka nje, na baadaye nikasikia alikuwa amekwenda kumpigia simu saisi wa farasi anaowatibu.

Tangu hapo swali langu la kwanza likawa lile la Bwana Ramji, na sikuligusa bomba la sindano kabla ya kujibiwa. Nanyi fanyeni hivyo. Muulizeni anayelala na mnyama, na mkimuuliza, kaeni chini mumsikilize.

Mwezi mmoja baada ya ile dawa nilirudi Watamu kumpima Lulu. Nilikuwa nimemtumia Mzee Kahindi ujumbe: tafadhali, asiogeshwe yeyote, asitembezwe, abaki kama alivyoamka. Njia nzima niliogopa nambari nitakayoikuta. Nikafika saa mbili. Lulu alikuwa bandani, amesimama kichwa juu, ana majani makavu kwenye singa za shingo na doa kubwa la mavi ubavuni, na alikuwa anakula. Mzee Kahindi alikuwa kando yake, mkono shingoni mwake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kwendea harusini, viatu vimeng'arishwa, na nywele bado zina maji.

"Daktari, nisamehe," akasema, bila ya kunitazama. "Farasi ni mchafu, kama ulivyotaka. Basi nimeoga mimi."

Nikamwambia ahsante, mzee. Akamshika Lulu, akamnong'oneza, nikachukua damu.